Jinsi Miguu ya Bibi Ilivyofika Toronto

Tangu nirudi shule mmeniuliza swali moja tu, na mmeniuliza wote kwa pamoja, ndiyo maana sikujibu. Rehema alitaka kujua kama kiti cha ndege kinageuka kitanda. Hakigeuki, angalau siyo huku nyuma tulikokaa sisi. Kinalala kidogo tu, kama mtu anayesikiliza mahubiri asiyoyaamini. Zawadi akauliza mtu anawezaje kukaa humo tangu asubuhi mpaka jioni bila kuwa mgonjwa. Nikafungua mdomo, mkanitazama wote, maneno yakakimbia. Mnanijua. Mimi ndiye niliyepewa kusoma habari paredi nikausomea mlingoti wa bendera.

Kwa hiyo nimeandika. Nimechukua kwenye shajara yangu na kuyapanga vizuri. Someni, mpeane, ila msinisomee kwa sauti nikiwa nimekaa hapo hapo.

Kwanza mjue kwa nini tulikwenda. Shangazi Nyemo, kitindamimba wa Bibi, ni nesi huko Toronto, Kanada, na alikuwa anaolewa. Bibi ni mama yake baba, anatoka Haneti, na ni mpigaji wa muheme. Kwa ambao hawajaona: ni ngoma ya Kigogo, inapigwa na wanawake, na anayepiga anasimama akiwa ameibana ngoma katikati ya mapaja. Bila miguu hakuna muheme. Bibi amewapigia mabinti zake wote walipoolewa, na aliposikia kwamba huyu wa mwisho ataolewa ukumbini kwa muziki wa spika, alisema neno moja: "Sitaki."

Tatizo ni miguu yenyewe. Mwaka aliokwenda Mwanza kwa basi alishuka miguu imejaa kama viroba, na kwa wiki nyingi hakuweza kubana hata mto wa kulalia. Daktari alimwambia waziwazi: "Bibi, kwenye ndege usikae tu. Kunywa maji, kula kidogo kidogo, inuka utembee, zungusha vifundo vya miguu. Ukikaa kama gunia, utafika kama gunia." Halafu akanigeukia. "Wewe mjukuu, hiyo ndiyo kazi yako."

Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuifikisha miguu ya Bibi.

Makole hadi Dar: yai la kuchemsha

Tuliondoka nyumbani Makole asubuhi, baba akatufikisha stesheni. Tulikuwa watatu: mimi, Bibi, na Anko Deo, bwana harusi mwenyewe. Alikuwa amekuja Dodoma kumaliza mambo ya ukoo, na akajitolea kurudi nasi ili tusipotee njiani. Wazazi wake ni watu wa Moshi, lakini yeye kakulia Dar, na sasa ni fundi umeme hukohuko Toronto. Ni mrefu mno. Ukimwona amekaa, magoti yake yanafika kabla yake.

Ni mtu mzuri sana, na naandika hili mapema kwa sababu mbele mtaona kama vile yeye ndiye aliyekuwa shida.

Kwenye treni alikaa upande wa pili wa njia, akitutazama na kutabasamu. Mama alikuwa ametufungia mayai ya kuchemsha, chapati, na karanga za Haneti. Nikamenya yai nikampa Bibi. Akalishika, akamtupia Anko jicho la pembeni, kisha akalifunga kwenye pindo la khanga.

"Bibi, kula."

"Baadaye."

Tulipopita mashamba ya zabibu bado ilikuwa baadaye. Anko Deo akainuka kwenda kantini kutafuta chai. Aliporudi, pindo la khanga lilikuwa limelegea na yai halipo. Nikadhani limeanguka, nikainama chini ya siti kulitafuta.

"Inuka wewe," Bibi akaninong'oneza. "Limeshafika."

Nilicheka. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima ale yai kama analiiba.

Dar mvua ilikuwa inanyesha kwelikweli na ndege yetu ikachelewa mchana mzima. Viti vya pale uwanjani ni vya chuma. Anko Deo kila mara alikuwa anainuka na kusema, "Mama, njoo ukae hapa," akipigapiga kiti cha pembeni yake. Bibi alikuwa anajibu, "Asante, baba," na kusogea mbali zaidi. Mpaka tunaitwa, Bibi alikuwa amesimama karibu na mlango wa vyoo, kule mwisho kabisa, na Anko amekaa peke yake na viti vitupu kila upande.

Dar hadi Doha: magoti ya Anko Deo

Anko alikuwa amepanga siti mwenyewe, na alikuwa anajivunia. "Mama dirishani aone mawingu, Lea katikati, mimi hapa njiani niwalinde. Hakuna atakayewasumbua." Bibi akaliambia dirisha, "Asante, baba."

Ngoja niwaambie ya kukaa, maana ndiyo mliyouliza. Kinachokuuma kwanza ni kiuno. Kiti kimeinama mahali ambapo mgongo wako haujainama. Mimi nilikunja khanga nikaiweka hapo kwenye uwazi wa kiuno, na shida nusu ikaisha. Begi dogo nikaliweka chini ya miguu ili mapaja yasininginie. Vaa nguo iliyolegea. Kile kisuruali cha jinzi nilichokivaa ili nipige picha kilinibana tumboni kabla hatujafika juu ya mawingu. Na uvae soksi, kwa sababu baridi inatokea sakafuni, na blanketi wanalokupa ukifunika miguu, mabega yanakulaumu.

Miguu ya Bibi nayo nilikuwa naifuata kama nilivyoagizwa. "Bibi, kunywa maji." "Sina kiu." "Bibi, tuinuke." "Nimekaa vizuri." Mhudumu akaja na kitoroli cha chakula akauliza kwa Kiingereza kama tunataka kuku au samaki. Nilikuwa nimejiandaa na jibu tangu Makole, nikasema "kuku" kwa Kiswahili. Tulipewa samaki. Bibi hakufunua hata karatasi.

"Mama, kula walau mkate," Anko akasema, akinyoosha shingo kupita kichwa changu.

"Nimeshiba, baba."

Tumbo la Bibi likanguruma. Nililisikia mimi, na nadhani hata wa siti ya mbele alilisikia. Anko akanitazama, nikatazama samaki.

Baadaye Anko akaona jinsi Bibi anavyojigeuzageuza, akafanya jambo ambalo kwa wema wake alidhani litamaliza kila kitu. "Mama, lete miguu hapa juu ya mapaja ya Lea, nikukande kidogo. Mama yangu nilikuwa namkanda hivyohivyo."

Sijawahi kuona mtu akirudisha miguu haraka namna ile. Bibi aliikunja chini ya kiti kama kobe, akajifunika khanga mpaka puani, akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka tunatua. Anko Deo akarudisha mikono juu ya magoti yake marefu, akatazama skrini iliyozimwa.

Tulipofika, nikainama kumvisha Bibi viatu. Kiatu kikakataa. Nikalegeza kamba yote, kikakataa. Mguu ulikuwa umejaa, unang'aa, na nilipoubonyeza kidole kikaacha shimo. Na safari yenyewe ilikuwa haijaanza.

Doha: aliyonikataza kusema

Bibi alishuka na ndala zangu, mimi nikavaa soksi tu. Uwanja wa Doha ni mkubwa na sakafu yake inateleza, kwa hiyo nilikuwa natembea kama mtu aliyeiba.

Anko Deo akatuacha kwenye viti, akaenda kutafuta mahali pa kuchajia simu ampigie Shangazi. Mgongo wake ulipopotea tu, Bibi akafungua mfuko. Alikula chapati mbili na yai, akanywa maji chupa nzima, akaniambia nimpeleke msalani, tukarudi, akala karanga.

Mimi si mtu wa hasira, lakini zilinipanda. "Bibi! Kumbe una njaa! Kwani unamwogopa Anko Deo?"

"Simwogopi. Namheshimu."

"Kwa kushinda njaa?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye nisiyejua kusoma. "Mmekulia mjini nyinyi, baba yenu hakuwaambia kitu. Huyu ni mkwe. Mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe wake. Haketi naye kitanda kimoja wala benchi moja. Hampiti magotini. Sasa wamenifungia dirishani, na mlango wangu ni magoti yake! Nikitaka kutoka nifanyeje? Nimgonge bega nimwambie, baba, nipishe, naenda kukojoa?"

Nilitaka kucheka, ila nikaona macho yake hayacheki.

"Basi nitamwambia mimi," nikasema.

"Usimwambie!" Akanishika mkono. "Ukimwambia wewe, nimemwambia mimi. Kijana amejitahidi, amepanga vizuri, nimwaibishe ugenini? Atajiona hajui adabu. Niahidi."

Nikaahidi. Mjue kwamba niliahidi huku nimeutazama ule mguu.

Hapo ndipo alipotokea Mama Kalinga. Alikuwa mama mnene mwenye kitenge cha kijani na kofia ya sufu, naye anakwenda Toronto kumwona mjukuu wake. Alitusikia tunaongea Kiswahili akaja moja kwa moja. Nikamwamkia. Akamwuliza Bibi, "Dada, za safari? Mnatoka wapi?"

"Dodoma. Mimi wa Haneti."

"Aaa!" Mama Kalinga akapiga kofi. Kabla sijaelewa, mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wetu, umetoka na karanga, na karanga zinatafunwa. "Mgogo na karanga! Mlenda umeuacha wapi? Au umeumwaga njiani ndege ikateleza?"

"Mhehe wewe!" Bibi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Makole nikaona meno yake. "Nani amekutoa Iringa bila kamba? Ndiyo maana ndege zinachelewa, wanawahesabu nyinyi Wahehe!"

Wakashikana mikono wakacheka mpaka watu wakageuka. Wagogo na Wahehe ni watani, hilo hata mimi nalijua. Mtani anakutukana hadharani, anachukua kitu chako mkononi, na wewe huruhusiwi kununa. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini Anko alipoonekana kwa mbali na simu yake, kicheko kikafungwa kama bomba.

Doha hadi Toronto: siku isiyotaka kuisha

Ndege hii iliondoka asubuhi, na ilikuwa inakwenda magharibi, yaani inalikimbiza jua. Jua halikuzama. Tulikula cha mchana, tukasinzia, tukaamka, jua liko palepale dirishani kama mgeni asiyeaga. Bibi akaniuliza chinichini, "Hii siku ina mwisho?"

Mpangilio wa siti ulikuwa uleule: Bibi dirishani, mimi katikati, magoti njiani. Mama Kalinga alikuwa nyuma sana, karibu na vyoo.

Bibi alianza upya. Hana kiu, ameshiba, amekaa vizuri. Nikamfundisha kuzungusha vifundo chini ya blanketi, akavizungusha, lakini mguu haukudanganyika. Nilipoteremsha soksi kidogo, alama yake ilikuwa imezama kwenye ngozi kama kamba kwenye mti. Nikawaza ile ngoma. Shangazi aliiondoa Dodoma miaka ile anasafiri, imekaa kabatini Toronto inamsubiri mama yake. Nikawaza Bibi amekaa kwenye kiti ukumbini, miguu juu ya mto, spika zinapiga.

Bibi alipofumba macho, Anko Deo akainama kwangu. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Lea, wewe si mtoto. Niambie ukweli tu. Bibi amenikataa?"

Nikamtupia Bibi jicho.

"Hali nikiwepo. Hanitazami. Nikisema njoo, anaondoka. Kama hanitaki, ni bora nijue kabla ya kanisa, siyo baada."

Niliishika ile ahadi mdomoni kama maji ya moto. Nikasema tu, "Siyo hivyo, Anko," na akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa pole. Halafu nikasema naomba kupita. Akasimama njiani kunipisha, nikaenda nyuma.

Kwenda kote kule nilikuwa nawaza. Bibi alisema nisimwambie mkwe. Hakusema nisimwambie mtani. Kwetu, neno lisilosemeka nani hulisema? Hata msibani, mambo ambayo wafiwa hawawezi kuyatamka, watani ndio wanayatamka, na watu wanacheka huku wanalia. Tulikuwa na mtani ndani ya ndege. Kilichobaki ni mimi kufungua mdomo mbele ya mtu mzima niliyemjua kwa karanga tu.

Nilimpita mara ya kwanza nikaenda hadi chooni, nikanawa mikono isiyo na uchafu. Nikatoka, nikampita tena. Mara ya tatu akanishika mkono.

"Mjukuu, una tumbo la kuendesha au una neno?"

"Nina neno, Bibi," nikasema. Na likatoka. Lote. Yai, samaki, kobe, mguu, ngoma, ahadi, hata lile swali la Anko. Nadhani niliongea kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu bwana mmoja mbele yake alivua vidude vya masikioni.

Mama Kalinga hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkanda. "Umefanya vizuri kuja kwangu," akasema. "Tangulia."

Sikufika hata kwenye siti. Sauti yake ilinipita.

"Wewe kijana mrefu! Mchaga! Simama hapo!"

Anko Deo akasimama kama mwanafunzi.

"Umemfungia mama mkwe wako dirishani kama mbuzi zizini, na wewe ndiye mlango! Ale mbele yako, anywe mbele yako, halafu akubishie hodi magotini aende msalani? Huko kwenu wakwe wanakaa kwenye viota pamoja kama kuku?"

Bibi alikuwa amejifunika khanga gubigubi, na khanga ilikuwa inatikisika. Nikaogopa kwamba analia. Kisha nikasikia kicheko.

"Mama..." Anko akaanza. "Mimi... kumbe..." Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Kumbe ndiyo hivyo? Mimi nikajua amenikataa!"

"Akukatae ana nini cha kuchagua, Mgogo huyu? Ondoka hapo. Siti yangu iko kule nyuma, nenda. Nataka kukaa na mtani wangu nimchokoze mpaka Kanada."

Anko alichukua koti lake akaondoka akicheka, na uso wake ulikuwa umelowa. Nikarudi katikati, Mama Kalinga akaketi njiani, akapenyeza mkono mbele yangu, akafunua khanga. "Mgogo, toka. Njia iko wazi."

"Mhehe, una mdomo mchafu," Bibi akasema. "Nipishe. Nimebanwa."

Basi jamani, mngemwona Bibi baada ya hapo! Aliporudi alikula kuku wake, akala mkate wangu, akaomba maji kwa ishara, akaomba tena. Mhudumu alipomletea, Bibi akamwambia "Mbukwenyi," na yule dada, sijui alielewa nini, akainama kwa heshima. Mama Kalinga akasema, "Umemsalimia Kigogo mtu wa watu, sasa atakuletea mlenda."

Na tukatembea. Kila tulipochoka kukaa tuliinuka, watatu kwa mstari, mpaka nyuma kwenye nafasi ndogo karibu na jiko la wahudumu. Pale Bibi alikuwa anapanda vidoleni na kushuka, anapanda na kushuka, halafu anakunja magoti kidogo na kuyabana kana kwamba ngoma iko katikati. Mimi na Mama Kalinga tukamwiga. Kikaja kizee fulani chenye kofia kikatuiga na chenyewe. Nawaambia, dawa ya kiti cha safari ndefu ni kukiacha.

Lakini kwenda nyuma ni lazima kumpita Anko Deo. Mara ya kwanza Bibi alisita. Anko akatuona tunakuja. Akachukua blanketi lake la ndege, akajifunika kichwa chote, akatulia. Bibi akapita kama malkia. Tulipokwisha pita, blanketi likashuka. Tuliporudi, likapanda. Jirani yake, mzungu mmoja mwenye kompyuta, alimtazama kila mara bila kuuliza. Safari yote ile, yule mwanaume mrefu alikuwa anazimika na kuwaka kama taa.

Mara ya mwisho kabla ya kutua, Bibi alisimama mbele ya lile blanketi kidogo, akaliangalia. Alipoketi ndipo aliponiambia, "Ana adabu yule. Shangazi yako amnyakue haraka kabla hajaibiwa."

Nikainama kumvisha viatu. Kile kilichokataa Doha kilisumbua kidogo kwenye kisigino, halafu kikaingia.

Toronto: ngoma iliyokaushwa

Mlangoni mwa ndege alikuwa amesimama kijana na kiti cha magurudumu, na karatasi yenye jina la Bibi. Shangazi alikuwa amekiomba kwa kuogopa miguu. Kijana akakionyesha kwa mkono wazi. Bibi akafurahi sana. Akaweka juu yake mfuko wa karanga, begi langu, na kofia ya Mama Kalinga, akampigapiga kijana begani, akaanza kutembea pembeni. Yule kijana alisukuma karanga zetu kupita uwanja mzima. Kule nje Shangazi Nyemo alikiona kiti kwanza, akaweka mkono mdomoni. Halafu akamwona mama yake anakuja kwa miguu yake. Sitaandika walivyolia, mnaweza kukisia.

Ngoma yenyewe ilikuwa imepoa. Ngozi imelegea kwa baridi ya kabatini, ukiipiga inasema "buu" kama mtu mwenye mafua. Kwetu ungeianika juani au ungewasha majani. Kule jua liko ila halina kazi, na moto ndani ya ghorofa unaita zimamoto. Asubuhi ya harusi Bibi alimwona Shangazi anakaushwa nywele na rafiki yake kwa drayer. Akaiangalia ile hewa ya moto, akaiangalia ngoma. Bibi harusi alisubiri nywele zake. Ngoma ndiyo iliyokaushwa kwanza.

Ukumbini, baada ya chakula, spika zikazimwa. Bibi akaingia na khanga zake mbili, akasimama katikati, akaiweka ngoma, akaibana. Nilikuwa natazama miguu tu. Magoti yalikunjika, mapaja yakashika, na ngoma ikakaa palepale kama imeota hapo. Akapiga pigo la kwanza. Akapiga la pili. Shangazi Nyemo akaanguka magotini na gauni lake jeupe, vigelegele vikapasuka, naye Mama Kalinga, ambaye alikuwa amealikwa pamoja na mjukuu wake, akapiga kelele, "Mgogo, punguza, utabomoa nyumba za watu!"

Bibi akawa anasogea huku anapiga, akaelekea meza ya bwana harusi. Anko Deo alipomwona anakuja, akafanya alivyozoea. Akavua koti la suti akajifunika kichwa. Wageni wakashangaa. Ngoma ikanyamaza mbele yake.

Bibi hakumsemesha yeye. Alinigeukia mimi, ukumbi wote ukitazama. "Lea. Mwambie mkwe wangu ajifunue. Aitazame miguu aliyoifikisha."

Mkwe wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele yake. Na mimi ndiye niliyetakiwa kulifikisha, mbele ya watu wote wale, bila mlingoti.

Nikasema. Kwa sauti. "Anko Deo, Bibi anasema mkwe wake ajifunue, aitazame miguu aliyoifikisha."

Koti likashuka polepole. Ngoma ikaanza tena, na Bibi akaniashiria kwa kidevu nianze wimbo, maana muheme haupigwi kimya. Nikaanza.

Kurudi

Kurudi tulikuwa wawili tu. Mimi dirishani, Bibi katikati, na njiani kaka mmoja mgeni aliyelala kabla hata hatujaruka. Bibi alinitazama. Si mkwe wa mtu, yule.

Nikanyoosha mkono nikamgonga begani. "Samahani, kaka. Tunaomba kupita." Akaamka, akasimama. Na baadaye tena, na baadaye tena, mpaka akawa anasimama akituona tu tunatafuta viatu. Kila mara sauti ilitoka bila kugoma.

Kwa hiyo Rehema, Zawadi na wengine, jibu ni hilo: khanga kiunoni, maji, soksi, na umjue aliyekaa kati yako na njia. Na mwalimu wa zamu kama bado anatafuta wa kusoma habari Jumatatu, mwambieni nipo. Mlingoti upumzike.